Bei ya Gitaa Kavu

Iko bidhaa ambayo mnunuzi wake, siku anapoinunua, hana njia ya kujua amenunua nini. Mwenye kununua jembe hulipima uzito wake mkononi, akagonga bapa lake kwa kidole, akasikiliza. Mwenye kununua mtungi huujaza maji akauangalia kama unavuja. Lakini mwenye kununua gitaa la kwanza maishani mwake hana budi kulihukumu kwa mkono usiojua na sikio lisilozoea. Ujuzi wa kulichagua hupatikana kwa kulipiga, na kulipiga hakuwezekani kabla ya kuwa nalo. Kwa hiyo suala la gitaa la bei nafuu, ambalo kwa juujuu ni suala la dukani, lina swali la maadili ndani yake: pale asiyejua anapolazimika kuchagua, na mfuko wake haumruhusu kukosea mara mbili, ni nani wa kubeba lawama ya kosa litakalotokea?

Itetemia, pembezoni mwa mji wa Tabora, ni mahali panapofaa kuliwazia jambo hili. Hapo ndipo yalipo makao ya watemi wa Unyanyembe, na si mbali na hapo ilipita njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikafika Tabora baada ya mwendo wa miezi mitatu hivi, kisha ikagawanyika kwenda Ujiji, Karagwe na Katanga. Miembe iliyoachwa na enzi hiyo ingali inatajwa na kila mgeni. Kila kitu kilichofika hapo kutoka pwani kilifika kichwani au begani mwa mpagazi, kwa hiyo kila kitu kilikwishapimwa mara moja kabla ya kuuzwa: kama kilistahili kubebwa au la.

Wenye kudhani kwamba mnyonge hutazama bei tu, na ubora huwaachia wenye nacho, wangefaidika kwa kuisoma historia ya njia hiyo. Katika karne ya 19 nguo iliyotafutwa zaidi huko bara ilikuwa merikani, kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kupitishwa Unguja. Walitokea wafumaji wa Uingereza na India walioiga kitambaa hicho, na kwa muda mrefu wanunuzi wa bara walishikilia kilekile walichokijua, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoivuruga biashara ya pamba. Ushanga nao ulikuwa hivyohivyo. Mfanyabiashara aliyefika mahali na ushanga wa rangi isiyopendwa hapo aliweza kukaa nao kama aliyebeba kokoto. Watu hawa hawakuwa matajiri, na hawakudanganyika kwa wepesi.

Ila nguo ina jambo moja ambalo gitaa halina. Kila mtu huvaa. Ujuzi wa nguo umo katika ngozi ya mnunuzi tangu utotoni, na mama anayelipapasa gora dukani anafanya hukumu ambayo mikono yake imeifanya mara nyingi. Gitaa halina papasa ya namna hiyo. Anayeliingilia duka kwa mara ya kwanza huona vitu vilivyotundikwa ukutani, vyenye umbo moja, vinavyong'aa kwa rangi, na tofauti pekee anayoweza kuisoma ni ile iliyoandikwa kwenye kikaratasi cha bei.

Wanamuziki wa Tanzania huliita gitaa lisilotumia umeme "gitaa kavu", na jina hilo linapofika Tabora hupata maana ya ziada. Mvua za huko huanza yapata Novemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu, upepo mkavu, na mbao zinazolia usiku katika mapaa ya nyumba. Gitaa lililokaa miezi katika unyevu wa pwani, likapandishwa garimoshi hadi huko juu, huingia katika hewa inayolinyonya maji. Ubao wake wa mbele, ambao unene wake ni kama milimita tatu tu, husinyaa. Nao ubao huo una kazi nzito kuliko unavyoonekana. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Mpagazi wa njia ya kati alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi kidogo, na jioni aliutua. Gitaa lenye nyuzi za chuma hubeba mizigo ya wapagazi wawili na ushei, usiku na mchana, wala halina kambi ya kupumzikia.

Hapa ndipo elimu ya vitabu inapogongana na elimu ya mahali. Wajuzi wa ala hii husema, na wasema kweli, kwamba ubao mmoja mzima wa mti wa jamii ya misonobari ya nchi za baridi hutoa sauti bora kuliko plaiwudi, yaani matabaka membamba yaliyogundishwa pamoja. Ubao mzima hutetemeka kwa uhuru, na kadiri unavyopigwa miaka na miaka wengi husikia sauti yake ikifunguka. Lakini ubao huohuo, ukipelekwa penye ukavu bila ya kutunzwa, waweza kupasuka kufuata nyuzi za mti wake kuanzia darajani hadi chini. Plaiwudi, kwa kuwa matabaka yake yamekingamana, huvumilia. Sauti yake ni ya wastani, ila itakuwa ya wastani vilevile Machi na Septemba.

Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ililijua jambo hili zamani. Ilitengeneza magitaa ya bei ya chini yaliyoitwa Gallotone, na lebo iliyobandikwa ndani ya mojawapo iliahidi kwamba gitaa hilo halitapasuka. Halikuahidi sauti tamu, wala kudumu na uzuri wake. Liliahidi kutopasuka, na ahadi hiyo inaonyesha kwamba aliyeiandika alimfahamu mnunuzi wake na hali ya hewa ya nchi yake. Moja la aina hiyo lilivuka bahari, na mwaka 1957 likawa gitaa la kwanza la kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon. Mwaka 1999 liliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni 100,000, bei ambayo bila shaka haikutokana na plaiwudi yake.

Kwa hiyo dharau dhidi ya plaiwudi, ambayo imeenea sana miongoni mwa wapenda ala, haina nguvu Itetemia. Gitaa la plaiwudi halijamdanganya mtu. Limesema tangu mwanzo lilivyo.

Lakini uko uongo katika magitaa ya bei ya chini, na yafaa upambanuliwe, kwa kuwa hauna uzito mmoja. Ule wa kwanza unachekesha, hasa katika nchi ya miombo. Ubao mweusi ulio juu ya shingo, ambapo vidole hukanyaga, katika magitaa ya gharama hutengenezwa kwa mti mweusi wa asili, na katika yale ya bei nafuu mara nyingi ni mti wowote uliopakwa rangi ufanane nao. Hivyo kijana aliyezaliwa nchi moja na mpingo, mti ambao Ulaya huutafuta kwa ajili ya zumari zake zilizo bora kabisa, huletewa kutoka ng'ambo ubao uliotiwa wanja ili uonekane kama mpingo. Mti wa kwao umepanda bei na ukawekewa sheria: tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya jamii nzima ya mti huo imedhibitiwa kwa mkataba, ingawa mwaka 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zilisamehewa. Wanja ule hutoka kidogokidogo ukabaki kwenye ncha za vidole. Haumdhuru mtu. Ni pambo, kama dhahabu ya bandia katika sikio la bibi harusi ambaye wageni wote wanajua mumewe ni mvuvi.

Uongo wa pili ni mwingine kabisa. Huu unakaa katika nafasi iliyopo kati ya nyuzi na shingo. Kwenye shingo ya gitaa vimepangwa vipande vyembamba vya chuma viitwavyo freti. Mpigaji hukanyaga uzi nyuma ya freti, na uzi ukawa mfupi, na sauti ikapanda. Mtu akipima pale kwenye freti ya kumi na mbili, ambayo ni nusu kamili ya urefu wa uzi, nafasi ya milimita mbili au tatu humtosha mpigaji wa nyuzi za chuma. Magitaa mengi ya bei ya chini hutoka kiwandani na nafasi iliyo mara mbili ya hiyo, kwa sababu kupunguza kunahitaji mkono wa mtu, na mkono wa mtu ndicho kitu cha kwanza kuondolewa pale bei inapotakiwa ishuke.

Matokeo yake ni haya. Mwanafunzi anakanyaga uzi, nao uko juu mno, hivyo hana budi kuusukuma kwa nguvu. Ncha za vidole zinachubuka, jambo ambalo aliambiwa alitarajie, kwa hiyo halalamiki. Lakini uzi uliovutwa mbali namna ile umekazika zaidi, na sauti yake imepanda kuliko inavyopasa. Nyuzi sita zilizolinganishwa vizuri zikiwa tupu zinaharibika zote pindi zinapokanyagwa, kila mmoja kwa kiasi chake. Anachokisikia ni mgongano. Anarudi kuzilinganisha, zinalingana, anakanyaga, zinagongana. Naye, kwa kuwa ni mgeni wa jambo hili, ana maelezo mamoja tu mbele yake: kwamba hana sikio. Wa jirani wanamwambia hivyohivyo. Baada ya miezi mitatu gitaa linatundikwa, na kijana anaendelea na maisha akiwa na imani juu ya nafsi yake ambayo si kweli.

Huu si udanganyifu wa kawaida wa biashara. Mwenye kuuziwa maziwa yaliyotiwa maji ameibiwa senti, na akionja anajua kaibiwa. Huyu ameibiwa, kisha akabebeshwa hatia ya wizi. Chombo kimemsingizia. Na kwa kuwa hakuna atakayemfahamisha, hukumu hiyo haikatiwi rufaa. Ni vigumu kukisia ni wangapi, Tabora na kwingineko, ambao husema hadi uzeeni kwamba Mungu hakuwajalia muziki, hali kilichokosekana kilikuwa milimita tatu.

Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, aliuliza filimbi zilizo bora wapewe akina nani, akajibu kwamba wapewe wapigaji bora. Si wenye nasaba, wala wenye sura nzuri, kwa kuwa nasaba haimfanyi mtu apige vizuri zaidi. Jibu hilo limesifiwa kwa karne nyingi na lina haki yake. Hata hivyo limemsahau mtu mmoja, naye ni yule ambaye bado hajapiga. Fundi aliyekomaa akipewa filimbi mbovu ataijua kasoro yake katika pumzi ya kwanza, na pumzi ya pili ataizunguka. Atakwepa tundu lisilosema kweli, atalegeza mdomo hapa na kukaza pale, na wasikilizaji hawatatambua. Anayejifunza hawezi lolote kati ya hayo. Yeye hujifunza kasoro akidhani ndiyo sanaa. Kwa hiyo ikiwa kuna mmoja anayestahili chombo kinachosema kweli, anayejifunza ana haja nacho kuliko bingwa. Na mpango wa soko, unaompa mwanzo mbaya asiyejua na mwanzo mwema anayejua, umekaa kichwa chini.

Itajibiwa kwamba dawa ni subira. Kijana wa Itetemia auze asali ya msimu huu na ya msimu ujao, asubiri, anunue gitaa lililo zuri mara moja. Wazee watamkumbusha kwamba rahisi ni ghali, na mjomba atasema, "Ngoja, mwanangu, mwaka kesho si mbali." Ushauri huu una busara ya mkulima, na kwa ng'ombe au kwa bati la nyumba ungekuwa ushauri kamili. Kwa ala ya muziki una upungufu. Pamoja na fedha, mnunuzi huyu analipa kwa miaka yake. Vidole vya miaka 15 hujifunza katika mwezi mambo ambayo vya miaka 30 hujifunza katika mwaka, na mwenye miaka 15 ana jioni zilizo tupu ambazo akishaoa hatazipata tena. Anayemwambia asubiri miaka miwili humwuzia gitaa zuri kwa bei asiyoitaja. Subira huvuta heri, lakini haielezwi ni heri ya nani pale kinachosubiriwa ni ujana wenyewe.

Tena kuna suala la umiliki, na kwa Tabora suala hili lina historia. Katika miaka ya 1960 na 1970 mji huo haukuwa nyuma ya mji wowote wa bara kwa muziki wa dansi. Kiko Kids, ambayo Salum Zahoro aliipa sauti yake, ilikuwa ya hapo. Tabora Jazz ilikuwa ya hapo. Nyanyembe Jazz ilichukua hata jina la utemi. Nyimbo zao zilivuka mipaka. Lakini katika bendi za Tanzania, za mashirika na za watu binafsi, magitaa ya umeme, vipaza sauti na ngoma kwa kawaida vilikuwa mali ya aliyeiweka bendi. Lugha ya muziki wa dansi ina jina lake: mwenye vyombo. Mpigaji aliyegombana na mwenye vyombo alitoka na vidole vyake tu. Aliweza kuwa na sifa kutoka Kigoma hadi Mombasa, na asubuhi akaamka hana kitu cha kupigia.

Gitaa kavu la bei nafuu ndilo lililoweza kuvunja utegemezi huo, kwa kuwa halihitaji umeme wala idhini. Njia ya misafara yenyewe inatoa ushahidi, ukiifuata kupita Tabora. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mtu wa Usumbwa, magharibi ya Unyamwezi, alikwenda Katanga kwa biashara ya shaba na pembe, akabaki huko, akasimamisha dola ya Bayeke na mji wake mkuu Bunkeya, hadi alipouawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme wa Ubelgiji. Katika ukoo wa watu hao alizaliwa mwaka 1930 Mwenda Jean-Bosco, aliyejiita Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi wimbo "Masanga": mtu mmoja, gitaa kavu moja, na vidole vinavyofanya kazi ya watu wawili. Mwaka 1969 alisimama kwenye tamasha la Newport huko Marekani. Hakuhitaji bendi ili asikike, wala mwenye vyombo ili apige.

Basi anayetaka gitaa la bei nafuu huko Itetemia anapaswa kulitazama namna gani? Rangi aiache, na jina lililoandikwa kichwani alitilie shaka, maana majina makubwa huigwa. Huo nao ni uongo, tena wa jinai. Alishike gitaa kama mwenye kulenga shabaha na kutazama kwa jicho moja kufuata shingo, kutoka kichwani hadi darajani. Shingo iliyopinda kama upinde, au iliyosokotwa, ni ya kurudishwa ukutani hata kama muuzaji atashusha bei mara tatu. Aguse uzi kidogo juu ya freti ya kumi na mbili bila ya kuukanyaga, asikie mlio wake mwembamba. Kisha aukanyage pale pale. Sauti mbili zikiwa ni moja, chombo hicho kinasema kweli. Hata sikio changa husikia jambo hili likioneshwa mara moja. Azungushe vifunguo vya kukazia nyuzi, na baada ya dakika kumi aangalie kama nyuzi zimebaki mahali pake. Asiyejua kulinganisha amwombe muuzaji alinganishe. Muuzaji asiyeweza kulilinganisha gitaa analoliuza amekwisha kutoa ushahidi juu ya duka lake.

Na akifika nalo nyumbani, kitambaa chenye unyevu kilichowekwa ndani ya sanduku lake wakati wa kiangazi kitalilinda kuliko sala nyingi. Mikwaruzo na isimsumbue. Gitaa lenye mkwaruzo huuzwa kwa bei ndogo, nalo halipigi vibaya kwa sababu ya mkwaruzo.

Linabaki suala la zile milimita tatu. Kuziondoa si kazi ya ajabu. Juu ya daraja kuna kipande kidogo cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi. Huchomolewa, husuguliwa kwa msasa upande wa chini hadi kimo kinachotakiwa, na kurudishwa. Seremala yeyote wa Tabora anayetengeneza kitanda cha mninga anaweza kuifanya kazi hiyo akioneshwa, na haizidi nusu saa. Kiwanda hakuifanya, kwa kuwa nusu saa kwa kila gitaa ni fedha nyingi kwake. Muuzaji wa mjini haifanyi, kwa kuwa mnunuzi haiombi. Mnunuzi haiombi kwa kuwa hajui kwamba ipo. Katika mnyororo huu wa watu watatu, wawili wa kwanza wanajua, au wana njia ya kujua. Na nusu saa hiyo, gharama ndogo kuliko zote zilizomo katika bei ya gitaa, mpaka sasa imeachwa ilipwe na yule wa tatu.